Wafukuzwa na Nani?



Leo nataka kukuzungumzia jambo ambalo huenda ukashangaa kuliona likitoka katika kalamu ya mwalimu wa chuo mwenye mvi. Nataka kukuzungumzia mbio. Sikusudii mbio za gari wala za ngalawa, bali mbio za miguu, tena zile ndefu ziitwazo marathoni, ambazo urefu wake ni kilomita 42 na mita 195. Mbio hizo mtu hazimalizi kwa nguvu za siku moja. Huzimaliza kwa mazoezi ya miezi na miaka. Nami nina deni katika jambo hili, na deni halilipwi kwa kunyamaza.

Mwaka 1991 nilikuwa nikisomesha darsa baada ya sala ya Alfajiri. Katika wanafunzi wangu alikuwamo kijana wa miaka kumi na sita, mwenye adabu na hifadhi nzuri, ila alianza kuchelewa. Akifika, jasho lamtoka na mchanga wa pwani umemganda miguuni. Asubuhi moja nikamsimamisha mbele ya wenziwe nikamwuliza, "Kwani wewe kila siku wafukuzwa na nani?" Darsa zima likaangua kicheko. Kijana akainamisha kichwa akasema, "Niwie radhi, maalim." Tokea siku ile hakuchelewa tena, wala sikuuona tena mchanga miguuni mwake. Nami nikajiona nimeadibisha.

Miaka ikapita. Hivi karibuni daktari alinipima akaniambia kuwa nina ugonjwa wa sukari, akanitaka nitembee kwa mwendo wa haraka nusu saa kila siku. Nikanunua viatu vizuri. Wiki ya kwanza nilitoka siku tano. Wiki ya pili nilitoka siku mbili. Wiki ya tatu mvua ilinyesha asubuhi moja, na viatu vikaingia chini ya kitanda. Kila nikirudi msikitini hujiambia, leo nimechoka, kesho inshaallah. Mpaka siku moja nikajisikia nikisema moyoni, "Kwani nafukuzwa na nani?" Hapo nikamkumbuka yule kijana, na maneno yangu yakanirudia kama jiwe lililorushwa juu.

Basi nikaanza kusoma habari za watu waliokimbia mbio ndefu, nikitafuta jibu la swali ambalo mimi nililiuliza kwa dhihaka. Ni kitu gani kimwamshacho mtu kitandani, akauchosha mwili wake bila ya kulazimishwa, leo na kesho na mwaka ujao? Niliyoyapata ndiyo haya, nami nakuwekea mbele yako uyapime.

MBIO SI UPUUZI

Kwanza, yanipasa nijisahihishe mimi mwenyewe, maana nilimcheka kijana kwa jambo ambalo laiti ningalikumbuka niliyosoma, nisingalilicheka. Ni nani miongoni mwetu asiyejua kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha? Mara ya kwanza Bibi Aisha alimshinda. Baadaye, alipokwisha nenepa, wakashindana tena, naye Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni badala ya ile.

Na yupo Salama bin Al-Akwa', aliyekuwa hodari wa kukimbia. Wanyang'anyi waliokuwa juu ya farasi walipowaswaga ngamia wa maziwa wa Mtume, Salama alikuwa kwa miguu, na mkononi ana upinde wake. Alipiga ukelele wa kuwaita watu wa Madina, kisha hakungoja mtu. Aliwafuata peke yake, akiwatupia mishale na kujificha nyuma ya miti na majabali, mpaka wakawaacha ngamia, na mwisho wakawa wanatupa nguo na mikuki yao ili wawe wepesi. Siku ile hakuna aliyemfukuza. Yeye ndiye aliyekuwa akifukuza.

Lakini kilichonishika mimi ni yaliyotokea walipokuwa wakirudi. Mtu mmoja wa Kiansari, ambaye hajapata kushindwa mbio, alinadi kama yuko wa kushindana naye hadi Madina. Salama akaomba ruhusa kwa Mtume, akapewa. Basi hakutimka kama mshale. Alimwacha mwenziwe atangulie, akajizuia kilima kimoja au viwili ili ahifadhi pumzi yake, kisha akaongeza mwendo, akampata, akaingia Madina mbele yake. Wakimbiaji wa leo, pamoja na saa zao za mkononi na vipimo vyao, hufundishwa jambo hilo hilo, ya kuwa pumzi ni akiba, na atumiaye akiba yote mwanzoni hana cha kulia mwishoni. Hata mimi na viatu vyangu nilianguka hapo, maana siku ya kwanza nilikwenda kwa nguvu zangu zote hadi miguu ikaniuma siku mbili.

HAMU HAITANGULII

Watu wengi, nami nikiwamo, hudhani kwamba mtu hupata hamu kwanza, kisha ndipo akaanza. Kwa hiyo hukaa kuingoja hamu kama mtu angojaye mashua iliyokwisha ondoka. Sikiliza habari za Emil Zátopek.

Alizaliwa mwaka 1922 katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, akaajiriwa kijana katika kiwanda cha viatu cha Bata mjini Zlín. Ndiyo Bata hiyo hiyo ambayo viatu vyake vimevaliwa katika nyumba zetu za pwani kwa miaka mingi. Mwaka 1941 kiwanda kilikuwa na mashindano ya mbio, na yeye akachaguliwa kukimbia. Hakutaka. Alidai kuwa ni dhaifu na hafai, akapelekwa kwa daktari, na daktari akamwona mzima wa afya. Basi akakimbia kwa kuwa hana pa kukimbilia, na katika watu mia akatokea wa pili. Ni pale, baada ya mbio na wala si kabla, ndipo hamu ilipomwingia.

Tokea hapo hakuacha. Alijitungia namna ya mazoezi ambayo watu waliicheka. Alikuwa akikimbia kipande kifupi kwa kasi, kisha akaenda mchakamchaka wa polepole kupumzika, kisha kasi tena. Kipande cha mita 400 alikikariri mara ishirini na zaidi katika siku moja. Alipokuwa askari alifanya hivyo akiwa amevaa mabuti mazito ya jeshi. Mwaka 1948, katika Michezo ya Olimpiki ya London, alipata dhahabu katika mita 10,000. Mwaka 1952 mjini Helsinki, katika muda wa siku nane, alishinda mita 10,000, kisha mita 5,000, kisha akaingia marathoni, ambayo hajapata kuikimbia maishani mwake, nayo akaishinda. Hadi leo hajatokea mwanamume mwingine aliyezishinda zote tatu katika Michezo mimoja.

Wenye ilimu ya mwili watatueleza kwa nini subira yahitajika hapa. Moyo wa mtu ni msuli, na msuli huzidi nguvu kwa kutumiwa. Ajizoezaye kukimbia, moyo wake hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa midogo midogo ya damu huzidi katika misuli ya miguu. Lakini mambo hayo hayatokei kwa siku mbili. Yataka wiki na miezi. Katika wiki za mwanzo mtu hupata maumivu tu, na faida haioni. Ndiyo maana viatu vingi huingia chini ya kitanda katika wiki ya tatu. Mwenyewe huwa ameshalipa bei, na bidhaa bado haijafika, akadhani amedhulumiwa.

Wazee wetu waliokuwa wakiteka maji visimani waliliona jambo hili kwa macho yao, wakasema, papo kwa papo kamba hukata jiwe. Nenda ukatazame ukingo wa kisima cha zamani. Zile alama zilizozama katika jiwe hazikuchimbwa kwa tindo. Ni kamba laini iliyopita pale pale kila siku.

MAKOFI HUNYAMAZA

Lakini kuanza ni jambo moja, na kujua waanzia nini ni jambo jingine. Yuko mtu akimbiaye ili asifiwe. Sifa ni tamu, sikatai, nayo humwamsha mtu alfajiri kwa siku nyingi. Hatari yake ni kwamba si yako. Imo mikononi mwa watu, nao huipeleka wapendako.

Ahmed Boughera El Ouafi alizaliwa mwaka 1898 karibu na Biskra, Algeria, katika ukingo wa jangwa, wakati nchi hiyo imetawaliwa na Wafaransa. Aliingia katika jeshi lao, na huko ndiko miguu yake ilikojulikana. Mwaka 1924 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris akatokea wa saba. Kisha akawa mfanyakazi katika kiwanda cha magari cha Renault huko huko Paris, akafanya mazoezi yake pamoja na kazi.

Tarehe 5 Agosti 1928, mjini Amsterdam, akasimama tena kwenye mstari. Hakuna aliyemtazamia. Wengine walitangulia, yeye akabaki nyuma akihifadhi pumzi, kama alivyofanya Salama, na kilomita za mwisho akawapita mmoja mmoja. Alimaliza kwa saa 2 dakika 32 na sekunde 57. Ndiye wa kwanza miongoni mwa waliozaliwa Afrika kushinda marathoni ya Olimpiki, ijapokuwa bendera iliyopandishwa haikuwa ya kwao bali ya Ufaransa.

Je, akafanywaje? Alikwenda Marekani akakimbia mbio za kulipwa, na kwa kuwa sheria za zama zile zilimkataza mwanamichezo kulipwa, akafungiwa mlango wa mashindano. Fedha alizopata aliziingiza katika mkahawa, zikapotea. Akaishi Paris katika ufukara, na mji uliompigia makofi ukampita njiani bila ya kumjua. Miaka ishirini na minane ikapita hivyo.

Kisha mwaka 1956, mjini Melbourne, alishinda marathoni mzaliwa mwingine wa Algeria, Alain Mimoun, naye pia akikimbilia Ufaransa. Huyu Mimoun ana mafunzo yake. Mara tatu katika Olimpiki alipata fedha, mara zote tatu nyuma ya yule yule Zátopek, wala hakukata tamaa, na dhahabu yake akaipata akiwa na miaka thelathini na mitano. Siku ile Zátopek alitokea wa sita, na Mimoun akamngoja kwenye mwisho wa mbio wakakumbatiana. Ushindi huo ndio uliowakumbusha watu kwamba alikuwapo mwingine kabla yake. El Ouafi akatafutwa, akaalikwa pamoja na Mimoun kwa Rais wa Ufaransa. Lakini mwaka 1959, katika siku za vita vya ukombozi wa Algeria, aliuawa kwa risasi huko Saint-Denis, akazikwa katika makaburi ya Waislamu ya Bobigny.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba El Ouafi alikimbia kwa kutaka sifa. Yaliyomo moyoni mwake ayajua Mola wake. Nasema kwamba lau mtu angeweka sifa kuwa ndiyo mshahara wake, basi mwajiri huyu ni mbaya. Hulipa siku moja, kisha hufunga duka.

MBELE YA MNARA

Wako wengine ambao kilichowasukuma kilikuwa kikubwa kuliko nafsi zao. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, marathoni iliendeshwa jioni ili kukwepa jua, na usiku ulipoingia askari walisimama kando ya njia wakishika mienge. Wakimbiaji wawili wakawaacha wenzao wote, nao walikuwa Waafrika. Mmoja ni Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, na wa pili ni Abebe Bikila wa Ethiopia, askari katika kikosi cha ulinzi wa Mfalme Haile Selassie. Bikila alikuwa miguu mitupu. Alizoea mazoezi ya namna hiyo, na viatu alivyopewa havikumkaa vizuri.

Njiani, karibu na mwisho wa mbio, palisimama mnara wa kale wa Axum, ambao majeshi ya Italia yaliunyakua Ethiopia na kuuleta Roma mwaka 1937. Ni hapo Bikila alipoongeza mwendo na kumwacha Rhadi, akashinda kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Rhadi alifika sekunde 25 baada yake. Nchi iliyovamiwa na kuporwa ilirudi katika mji wa aliyeipora, kwa miguu ya mtu mmoja. Mnara wenyewe ulirejeshwa Ethiopia mwaka 2005.

Mwaka 1964 mjini Tokyo, wiki tano hivi baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Bikila alishinda tena, mara hii kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni mbili za Olimpiki. Alipomaliza hakuanguka chini. Alijilaza kwenye nyasi akafanya mazoezi ya kunyoosha viungo.

Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1969 gari yake ilipata ajali, na miguu ile iliyoipita Roma haikusimama tena. Katika matibabu yake Uingereza, mwaka 1970, alishiriki michezo ya walemavu akiwa katika kiti cha magurudumu, akilenga shabaha kwa upinde na mishale. Alifariki mwaka 1973, umri wake miaka 41. Hapo ndipo nilipoyaelewa mazoezi. Kama yangekuwa ni ya miguu tu, yangemalizika siku ya ajali. Yalikuwa yamemfunza mtu mzima, na mtu alibaki.

AMANA

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 20 Oktoba 1968 nilikuwa mtoto wa miaka minane, niko katika juzuu ya Amma, sijui marathoni ni nini. Siku ile huko mji wa Mexico, ambao uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200 na hewa yake ni nyembamba, walisimama wakimbiaji 75. Miongoni mwao alikuwamo John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania. Hakuwa mtu wa kubahatisha. 

Kabla ya kufika nusu ya njia, katika msongamano wa wakimbiaji, Akhwari alianguka. Bega likapigwa chini, goti likajeruhiwa na kuteguka. Akafungwa bendeji, akainuka akaendelea. Mbele yake Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Nishani zikagawanywa. Jua likatua. Watu wakaanza kutoka uwanjani. Zaidi ya saa moja baada ya mshindi, katika mwanga wa taa, akaingia mtu mmoja akichechemea, bendeji inamning'inia mguuni, akazunguka uwanja mpaka akaukata mstari. Muda wake ulikuwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Kumi na wanane walikuwa wameacha njiani.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano ili aanze mbio, bali ilimtuma ili azimalize.

Tafakari jibu hili, ndugu msomaji. Hakusema kwamba alijisikia vizuri. Hakusema kwamba alipenda. Hakutaja hamu kabisa. Alitaja kutumwa. Mtu aliyetumwa ana amana, na amana haitazami kama leo una hamu au huna. Hivyo ndivyo tusalivyo Alfajiri, si kila siku kwa utamu, lakini kila siku.

Na usidhani kwamba alirudi nyumbani akaishi kwa hadithi ya siku ile. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia marathoni tena akatokea wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Tazama tofauti ya saa nzima na zaidi baina ya Mexico na Edinburgh. Huyo ni mtu aliyeponya goti lake, akarudi katika mazoezi pasi na mtu kumtazama. Mwaka 1983 alipewa nishani ya heshima ya taifa.

Lakini nami sitaki kukudanganya upande mmoja. Katika mbio zile zile za Mexico, Abebe Bikila mwenyewe aliachia njiani, kama kilomita ya kumi na saba, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umeumia kabla hata ya kuanza. Je, tutasema alikuwa mwoga? La hasha. Dini yetu yatufunza kuwa mwili nao una haki yake juu ya mtu. Yuko amalizaye kwa heshima, na yuko aachaye kwa busara. Ajuaye baina ya maumivu ya uvivu na maumivu ya jeraha, huyo ndiye mkimbiaji. Na ilimu hiyo haipatikani ila kwa aliyejizoeza muda mrefu, maana mvivu kila maumivu huyaita jeraha.

BASI TUFANYEJE?

Kutokana na habari hizi nimepata mambo manne, nami nakupa kama nilivyoyapata.

La kwanza ni nia. Jiulize wakimbilia nini, au watembelea nini, na ujibu kwa ukweli. Ikiwa jibu ni kuonekana, tafuta jibu jingine, kwa kuwa alfajiri hakuna akuonaye. Mimi jibu langu ni kwamba nataka nisujudu kwa miguu yangu miwili mpaka siku yangu ya mwisho, kwani ugonjwa wa sukari nimeuona ukiikata miguu ya rafiki zangu.

La pili ni kidogo kidumucho. Sote tumefunzwa kuwa amali ipendezayo ni ile idumuyo hata ikiwa ndogo. Dakika kumi za kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumapili moja zikafuatwa na mwezi wa kulala. Anza chini ya uwezo wako, urudi nyumbani nawe bado wataka.

La tatu ni wakati. Shikanisha zoezi na jambo ambalo huliachi. Mimi nimelishikanisha na kutoka msikitini baada ya Alfajiri, maana tayari niko macho, tayari niko nje. Na Ramadhani ikija, usijikalifishe mchana wa kiu. Wako wafanyao karibu na Magharibi, na wako wafanyao baada ya Tarawehe. Mwezi haukuja kukuvunja, wala haukuja kukulaza.

La nne, nalo ndilo kubwa kwangu, ni mwenza. Zátopek alikuwa naye Mimoun nyuma yake kila mara. Bikila alikuwa na Rhadi begani mpaka kwenye mnara. Hata ushindani ni aina ya usuhuba. Peke yake mtu husema kesho, na nafsi humwitikia, naam, kesho.

DENI

Nilipokwisha soma hayo, nilimtafuta yule kijana. Siye kijana tena. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, fundi wa mashine za boti. Nilimkuta gereji, mikono imejaa mafuta. Akafuta mikono akanipa shikamoo yangu, akaniletea kiti. Nikamwuliza kama aikumbuka ile siku ya mchanga. Akacheka kidogo akasema, "Maalim, hayo yameshapita."

Ndugu msomaji, hakusema kwamba haikumbuki.

Nikamwambia, "Mwanangu, nilikuuliza swali nisilolijua jibu lake, tena mbele ya watu. Niwie radhi." Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia jambo nililokuwa silijui. Siku zile alikuwa akikimbia kutoka kwao hadi mnara wa taa na kurudi, akihesabu, na azma yake ilikuwa aingie katika mashindano ya mkoa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Sikuwa na la kusema. Wiki tatu zile siwezi kumrudishia, na hata nikiishi miaka mia sitaweza.

Siku ya pili yake, nilipotoka msikitini, nilimkuta amesimama nje amevaa raba. Akasema, "Shikamoo, maalim. Nimepata habari kuwa daktari amekuamrisha kutembea. Ukiridhia, tutatembea pamoja." Sasa ni mwezi wa tano. Twaenda hadi mnara wa taa na kurudi, yeye akipunguza mwendo kwa ajili yangu. Bado ziko asubuhi ambazo sitaki, hasa za mvua. Lakini najua kuna mtu amesimama nje gizani, nami siwezi kumwacha asimame.

Basi nakuusia wewe uliye baba, mama au mwalimu. Kwako yuko mtoto aliyeanza jambo gumu. Pengine ni mbio, pengine ni kuhifadhi, pengine ni ufundi. Ameanza juzi, hamu yake bado changa kama mche wa mnazi, na neno lako moja laweza kuung'oa. Atakapoingia amechelewa, na mchanga umemganda miguuni, mfunze adabu ya wakati, ndiyo, hilo ni lazima. Kisha mwulize, "Leo umefika wapi?"

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wadumuo, na atusamehe yale ambayo ndimi zetu zimeyavunja. Amin.